Doa la Kijani kwenye Televisheni ya Nnalongo

Duuum. Hivyo ndivyo televisheni ya Nnalongo ilivyolia kila ilipowashwa: mlio mzito wa tumboni, kama mama mnene anayejitupa kitini baada ya kushinda sokoni, na nyuma yake mluzi mwembamba ambao watu wazima walidai hawausikii. Sisi watoto tuliusikia. Niliusikia nikiwa uani, mikono imo ndani ya povu, nafua soksi za shule, na kabla picha haijatokea kwenye kioo mimi nilikuwa tayari barazani navua ndara. Ulikuwa mlio wa kutuita. Hata leo nikiufikiria, vinyweleo vya mkono husimama, kama vilivyosimama tulipokisogelea mno kile kioo na umeme wake ukatulamba.

Tuliishi Mbuya, upande wa chini wa kilima, katika zile nyumba za vyumba vya mstari ambazo Kampala tunaziita mizigo. Mlango, dirisha, mlango, dirisha, paa moja la mabati juu yetu sote, bomba moja la maji, mita moja ya umeme. Baba yangu alikuwa askari, Mnubi wa Bombo, na kazi yake ilimweka mbali miezi mingi kuliko aliyokaa nasi. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwa sababu ya jeshi. Majirani wetu walikuwa Waganda, Walugbara, Waacholi na Wakongo, na kila mmoja alikipinda Kiswahili alivyotaka, na tulielewana. Hiki ninachokiandika hapa nimekipiga pasi kidogo, kama mtu anayejiandaa kwenda kwa wageni. Nilikuwa na miaka kumi na moja, miguu mirefu, mdomo mrefu zaidi. Mama alinionya kila siku, "Hadija, mwenye nguvu mpishe." Nilimsikia vizuri sana. Ila sikuwahi kuelewa kwa nini mwenye nguvu asipite pembeni yeye.

Mwenye nguvu pale kwetu alikuwa Nnalongo, mwenye nyumba. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa pacha, na ni jina la heshima, halichezewi. Alikaa chumba cha mbele, kikubwa, chenye baraza la saruji nyekundu lililosuguliwa mpaka likateleza. Ndani kulikuwa na kabati refu la sebuleni, na ndani ya kabati hilo, kama mfalme kwenye kiti chake, televisheni yenye mgongo mrefu ambayo ilihitaji wanaume wawili kuibeba. Chini yake deki ya diski, sakafuni sabufa, na spika mbili ndefu alizozipanga kwenye pembe za chumba. Jioni wapangaji wote tulikusanyika pale kutazama tamthilia ya kigeni, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, sheria ya Nnalongo ilikuwa moja: anayetazama anyonyoe. Kila mama aliingia na beseni lake. Tulinyonyoa mabawa na miguu bila kuangalia mikono, macho kwenye kioo, vidole vikinata, chumba kizima kikinuka majani mabichi na mafuta ya vitunguu kutoka jikoni. Mtu akilia kwenye tamthilia, na sisi tulilia, tukajifuta machozi kwa bega kwa sababu vidole vilikuwa na mabawa.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Neema, mshonaji kutoka Kongo. Aliishi peke yake na cherehani yake ya umeme. Neema mwenyewe alikuwa amebaki Bunia kwa bibi yake, na nafikiri ndiyo maana mama yule alinipenda mimi kwa mapenzi ya watu wawili. Aliniita "mtoto yangu." Alinifundisha kupinda sketi, kutia uzi kwenye sindano bila kulamba, na kuimba huku mdomo umebana pini. Sare yangu ya shule ilipochanika makalioni aliishona nikiwa nimesimama nyuma ya mlango na kanga, akasema, "Sasa hata ukikimbizwa na mbwa haitapasuka." Mtu wa namna hiyo ukimgusa umenigusa.

Sasa, binti mkubwa wa Nnalongo alikuwa ametambulishwa. Bwana harusi alikwishakuja na watu wake kwenye sherehe ya kwanjula, ya kujitambulisha kwa wazazi wa binti, kule kwao kijijini, na sherehe nzima ilipigwa picha za video na kuwekwa kwenye diski. Wakwe waliahidi kuja Mbuya Jumapili waitazame pamoja. Nnalongo alichanganyikiwa kwa furaha. Alipaka ukuta rangi, akanunua zulia, akamwita Mama Neema amshonee vitambaa vya kufunika kabati lote. Wanaokijua chumba cha wageni cha Kampala wanajua ninachosema. Kwetu kiti hakiachwi uchi, meza haiachwi uchi, hata redio ina shela lake. Mama Neema alishona vitambaa vya satini rangi ya maziwa, vyenye lesi pembeni, na Nnalongo alipoviona akasema hapana, vikiachana hivi vinaonekana kama leso za watoto, nataka kimoja kirefu kinachofunika spika, TV na spika, kama ukanda wa gauni la gomesi. Basi spika zikatolewa pembeni zikasogezwa mpaka zikaibana televisheni kushoto na kulia, na kitambaa kimoja kikalazwa juu ya vyote vitatu. Palipendeza! Tulipiga vigelegele. Mama Neema alisimama mlangoni pini bado ziko mdomoni, anatabasamu.

Jioni ile ile doa likatokea. Kushoto mwa kioo palikuwa kijani, kulia palikuwa zambarau. Mwanamke wa kwenye tamthilia alitokea kulia akiwa wa zambarau, akapita katikati akawa mtu, akafika kushoto akawa parachichi. Sisi watoto tulicheka mpaka senene wakamwagika. Nnalongo hakucheka. Alibonyeza rimoti kila kitufe, akagonga mgongo wa televisheni kwa kiganja, akapuliza nyuma, akaizima na kuiwasha hapo hapo. Doa lilikaa pale pale. Kesho yake lilikuwepo, na kesho kutwa.

Ijumaa akaitwa fundi. Fundi yule alikuja na bisibisi moja na maneno mengi. Aliinua pembe ya kitambaa, akairudisha kwa adabu kwa kuwa hakutaka kuharibu urembo wa watu, akazungusha antena juu ya paa, akashuka, akasikiliza. Wakati huo Mama Neema alikuwa anashona, na kila alipokanyaga mashine, vidoti vyeupe vilikimbia kwenye kioo kama mchele uliomwagwa. Fundi akanyoosha kidole ukutani. "Nnyabo, hii cherehani ya umeme ndiyo inaingiza uchafu kwenye waya. Mita yenu si moja?" Akachukua senene kwenye kifuko akaondoka. Alikuwa amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni kama nusu ya tofali, ndiyo inayorushwa mbali.

Nnalongo alitoka uani, mikono kiunoni. "Mama Neema! Mimi sitaki maneno mingi. Toka uweke vitambaa yako kwa TV yangu, imeugua. Cherehani yako nayo inakula umeme yangu, inatapika kwa kioo yangu. Wewe ulileta nini kwa hii nyumba?"

"Miye sijaleta kitu, Mama," Mama Neema akasema, kitambaa cha mteja bado kimemning'inia begani. "Kitambaa ni kitambaa tu. Mungu iko, anaona."

"Anaona nini? Anaona wakwe wangu watakuja kutazama mtoto wangu akiwa kijani? Banange! Kesho jioni nataka chumba changu. Na kwa sebule yangu usikanyage."

Wamama waliokula na Mama Neema, waliovaa nguo alizowashonea, kila mmoja alikumbuka ghafla sufuria lake liko motoni. Mzee wangu mmoja wa Bombo alikuwa akisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Pale kwetu walishika ile nusu ya kwanza tu. Mama yangu alinivuta kwa mkono ndani na kufunga mlango, akanong'ona, "Hata sisi tunapanga hapa. Baba yako yuko mbali. Usijiingize." Kupitia ukuta nilimsikia Mama Neema anakunja vitu. Mkasi ndani ya bati. Bobini moja baada ya nyingine. Nilitaka kulia, nikalia kweli, halafu nikakasirika mpaka machozi yakakauka yenyewe.

Kila Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yangu kupiga deki sebule ya Nnalongo, kazi ambayo watoto wa wapangaji tulipokezana kwa kuwa tulitazama bure. Jumamosi ile Nnalongo alikwenda sokoni kununua kuku na matoke ya wageni. Alikwenda na rimoti kwenye mkoba wake, kama kawaida yake, akiamini kwamba televisheni bila rimoti ni gari bila ufunguo. Hakujua kwamba chini ya kioo, nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki, kulikuwa na vidude vinne vya kubonyeza ambavyo mimi nilivijua kama ninavyojua meno yangu. Nilifunga mlango. Nikasema kimoyomoyo, kama ni kitambaa, tutaona. Kama ni cherehani, tutaona. Nilikuwa sijasoma sayansi yoyote ya maana, lakini nilikuwa nimewahi kutafuta kiroboto kwenye blanketi, na kiroboto hutafutwa hivyo hivyo, unakunja upande mmoja, unaangalia, unakunja mwingine.

Nikaiwasha. Doa lipo. Nikakivua kitambaa chote, nikakikunja vizuri, nikakiweka kwenye kochi. Doa halikutikisika. Basi, kitambaa kimeoga, hakina kesi. Nikakimbia mlango wa pili. Mama Neema alikuwa amekaa juu ya mkeka kati ya mafurushi, macho mekundu. Nikamwambia, "Mama, nakuomba, shona kidogo, halafu acha, halafu shona tena." Akaniangalia kama mtu anayeombwa acheze ngoma msibani. Lakini akawasha cherehani. Nikarudi mbio. Vidoti vyeupe vikakimbia, vikasimama, vikakimbia, vikasimama. Na doa? Limekaa tu, kijani kushoto, zambarau kulia, halimjui Mama Neema wala cherehani yake. Nikachomoa waya wa antena. Kioo kikajaa chenga, na hata chenga zenyewe zilikuwa za kijani upande huu na za zambarau upande ule! Hapo nikajua kwamba uchafu hauji kutoka nje, si paani, si kwenye mawimbi, si kwa jirani. Umo humu humu ndani ya chumba.

Lakini umo wapi? Nilikuwa nimeishiwa. Na sakafu ilikuwa bado haijapigwa deki, na Nnalongo angerudi wakati wowote, kwa hiyo nikashika tambara nikaanza kazi niliyotumwa. Nilipofika kwenye kabati nikasogeza spika ya kushoto ili nisugue chini yake. Nikainua macho. Doa la kijani lilikuwa limejinyoosha, limepungua, kama mtu anayevutwa shuka. Nikairudisha spika, doa likarudi. Nikaisogeza, likanifuata. Nikacheza nalo, nakwambia! Nje, ndani, nje, ndani, kama mtoto na kivuli chake. Na ndipo nikakumbuka majalalani, tulipokuwa tunapasua spika mbovu kutoa ile pete nyeusi ya nyuma, tunaikokota mchangani kwa kamba, inatoka na ndevu za vipande vya chuma. Sumaku. Nnalongo alikuwa amezibandika sumaku mbili kwenye mashavu ya televisheni yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, kisha akazifunika kwa satini zisionekane. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuwa na televisheni.

Nikazivuta spika zote mbili mpaka pembeni, zilikokuwa zamani. Nikageuka kutazama ushindi wangu. Doa lilikuwa limefifia, lakini halijaondoka. Alama ya kijani ilibaki, kama chai iliyomwagika kwenye shati jeupe ikafuliwa haraka. Na papo hapo mlango ukafunguka.

"Katonda wange! Ggwe kawala, wewe msichana!" Nnalongo alikuwa na kuku wawili mkono mmoja, kichwa chini miguu juu, na mkungu wa matoke nyuma yake umebebwa na mtu wa bodaboda. Aliona kitambaa kwenye kochi, spika ukutani, waya wa antena sakafuni, na mimi katikati na tambara. "Nani kakutuma kugusa TV yangu? Mama Neema kakutuma?"

"Hajanituma mtu. Ni spika zako, Nnalongo. Zina sumaku."

"Sumaku!" Akageukia uani akapaza sauti. "Njooni mumuone injinia! Mama Hadija, njoo umuone mtoto wako injinia!" Watu wakaja. Wengine walicheka. Mama alikuja na mikono yenye unga, akapiga magoti kabisa kwenye lile baraza, anaomba radhi. Kumuona mama yangu amepiga magoti kwa kosa ambalo si kosa kulinifanyia kitu ambacho mpaka leo hakijaisha. Na katikati ya kelele zile umeme ukakatika. Tip. Televisheni ikafa, mluzi ukafa, kuku wakalia.

Umeme ulikaa kama saa moja bila kurudi. Nnalongo hakuniruhusu nitoke. Nilikaa kwenye kona kama mwizi anayesubiri polisi. Wamama walianza kunyonyoa senene wakisubiri, kwa sababu kesi nayo ni kama tamthilia. Umeme uliporudi, Nnalongo alirudisha waya wa antena, akatoa rimoti kwenye mkoba, akaielekeza, duuum, picha ikaja. Safi. Safi kabisa! Kona kwa kona, weupe ni weupe, wekundu ni wekundu. Watu wakapiga makofi. Nami nikashangaa kuliko wote, kisha nikaelewa: ile alama ilihitaji televisheni ipumzike ndipo ijisafishe. Zile siku zote haikuwa na faida kuzimwa ikapumzika, maana sumaku zilikuwa zimeibana mashavuni. Miaka mingi baadaye fundi wa kweli alinieleza kwamba ule mlio mzito ndio televisheni inavyojifuta sumaku, lakini isipopoa kwanza haijifuti vizuri. Siku ile sikujua jina la jambo hilo. Nililijua jambo lenyewe tu.

Lakini sikilizeni alichosema Nnalongo. Aliinua mikono juu. "Nimeomba njia nzima! Toka sokoni naomba! Mnaona? Mtu hajatoka bado, uchawi wake umetangulia kutoka. Mama Neema, malizia kufunga mizigo."

Picha ilikuwa imepona, na mtu asiye na kosa bado alikuwa anafukuzwa. Mama alinishika bega, anashukuru Mungu yameisha. Ningeweza kukaa kimya. Kila mtu pale ndani alitaka nikae kimya, wageni wanakuja kesho, picha nzuri, kuku wapo, nini tena? Nikajitoa mkononi mwa mama. "Nnalongo, usifurahi kwanza," nikasema, nikaikumbatia ile spika ya kushoto, nzito kama mtoto wa miaka miwili, nikaibandika kwenye shavu la televisheni.

Kijani. Mbele ya macho yao wote, kijani kikaingia polepole kama maji kwenye kitambaa. Wakapiga yowe.

"Umeharibu tena!"

"Ndiyo, nimeharibu," nikasema. "Nimeharibu mimi. Mama Neema yuko wapi? Yuko uani. Cherehani yake? Imezimwa, sikilizeni. Kitambaa chake kiko wapi? Bibi yule amekikalia." Na kweli, mama mmoja akaruka kutoka kwenye kochi, kitambaa cha satini kimemganda na mabawa ya senene. Mtu akacheka, akameza kicheko.

Nnalongo alikuja karibu mpaka nikanusa vumbi la soko kwenye gomesi yake. "Rudisha ilivyokuwa."

Nikaisogeza spika pembeni. Alama ikabaki. Nikachomoa waya ukutani. "Ipumzike kwanza."

"Ikipumzika, isiporudi mzuri," akasema taratibu, na utaratibu huo ulikuwa mbaya kuliko kelele, "utafunga mizigo wewe na mama yako pamoja na Mkongo wako. Leo leo."

Sijawahi kukaa nusu saa ndefu kama ile. Vidole vilinyonyoa. Nilimtazama mama. Nilitegemea hasira, nikakuta ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinizaa lini. Nilihesabu kila kitu chumbani: vikombe, picha za pacha, misumari ya dari. Nikafikiria vyombo vyetu vikiwa nje kwenye matope, baba akirudi likizo asitukute. Nikafikiria pia, nisipokubali kuogopa itakuwaje? Nikajaribu. Haikuwezekana, niliogopa, lakini niligundua kwamba mtu anaweza kuogopa na bado asisogee. Nnalongo akanipa ishara kwa kidevu. Nikarudisha waya ukutani. Nikabonyeza mwenyewe, bila rimoti yake.

Duuum. Safi.

Nnalongo aliiendea ile spika ya kushoto. Akainama akaigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto. Akasema, "Haya. Hizo spika zikae mbali." Akaenda jikoni kuchinja kuku. Hakusema pole. Hakumwambia Mama Neema baki. Hakulitaja tena suala la chumba, siku ile wala siku nyingine, na Mama Neema alifungua mafurushi yake moja moja, akaishi mlango ule ule miaka minne mingine mpaka alipomchukua Neema wake kutoka Bunia wakahamia nyumba yao wawili. Watu waliniambia kunyamaza kwa mkubwa ndiyo kuomba radhi kwake. Sikukubali nikiwa na miaka kumi na moja, na hata sasa sijakubali. Radhi ina mdomo.

Leo televisheni zile zimekwisha. Ukipita Kawempe, ninakofanya kazi, utaziona zimerundikwa nje ya maduka ya vyuma, migongo imepasuliwa. Mimi niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kufunga hizi mpya bapa kwenye kuta za watu, kupitisha nyaya, kutafuta kwa nini picha inakatika. Hizi hazijali sumaku; ungeweza kuzibandika spika kumi. Kila mtu sasa ana kioo chake, anatazama peke yake amelalia mto, na senene wananunuliwa wakiwa wamekwishanyonyolewa. Sililii ya kale, maana ya kale yalimpigisha mama yangu magoti. Lakini doa halikuisha, limehama tu. Mara nyingi naingia nyumba ya mtu, sijafungua hata mkoba wa vifaa, naambiwa ni yule mpangaji mpya, yule mgeni, tangu aje hapa hakuna kinachofanya kazi. Najibu nikicheka, maana mimi ni mtu wa kucheka: "Tuanze na nyaya zako, mzee wangu." Wengine hukasirika. Wakasirike. Siku moja nitakuwa na duka langu barabarani, bango kubwa, mafundi wote wasichana, na swali la kwanza tutakalomuuliza mteja ni alihamisha nini ndani kwake mwenyewe.

Watu nikiwasimulia habari hii hutaka kusikia ile duuum ya mwisho. Mimi huwaza zaidi kesho yake. Jumapili, wakwe walikuwa wamepiga simu kwamba wako njiani. Nnalongo alikuwa chumbani anafunga mkanda wa gomesi, wapangaji wote wamekwenda kuvaa, viti vya kukodi vimepangwa sebuleni mstari kwa mstari. Mama Neema alikuwa amekaa kwake, pazia limeshushwa. Alikatazwa kukanyaga sebule ile na hakuna aliyemwambia katazo limekwisha. Hakulalamika. Nilifunua pazia, nikakitoa kile kigoda chake cha kushonea, chenye mto wa vitambaa chakavu, na yeye akaniuliza tu, "Unakipeleka wapi, mtoto yangu?" Nilikibeba kichwani nikavuka ua, nikapanda baraza jekundu peke yangu, nikakiingiza sebuleni. Nikasogeza viti viwili vya wakwe, nikakiweka mstari wa mbele, katikati, kinatazamana na kioo. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kikawa kinayumba. Nikachana ukurasa kwenye daftari langu, nikaukunja mara nne, nikauchomeka chini ya mguu ule, nikakikalia kidogo kujaribu, kikatulia.